Aliyerudi Akicheka

Mzee Lukelo Mgongolwa alipokuwa hai hakuwahi kumwambia mkewe kwamba chai ni tamu. Alikuwa anakunywa, anageuza kikombe juu chini, anatoka zake. Kikombe kikigeuzwa, chai imekolea. Kikiachwa wima, sukari haikutosha. Miaka yote ya ndoa yao Bi Konsolata alisoma habari za mumewe kwenye kikombe.

Sasa kafa, kazikwa, karudi, na asubuhi hii kasimama mlangoni mwa jiko lao kule Kihesa, mkono kiunoni, anamwambia mkewe mbele ya mgeni:

"Konso, ningejua huko nilikokwenda hakuna chai yako, wallahi nisingekufa."

Bi Konsolata akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Mgeni naye akacheka. Kisha kicheko cha mgeni kikakwama kooni kama mfupa wa samaki.

Mgeni huyo ni Meinradi Gama, fundi wa Kituo cha Umwilisho pale mjini Iringa. Na kilichomkwamisha ni kwamba yale maneno aliyajua. Aliyajua kwa sababu aliyatunga mwenyewe, siku ya msiba wa Lukelo, uwanjani hapo hapo, mbele ya waombolezaji wote.

"Mngoni, mbona umenyamaza ghafla?" Bi Konsolata akamuuliza, akimsogezea kigoda. "Au ndiyo mmekumbuka kwenu? Mlivyokimbia kutoka huko kusini mpaka mkachoka, mkaona mjenge tu popote."

"Tulichoka, shemeji, tukapumzika. Nyie Wahehe hamkukimbia kwa sababu mlikuwa mnasubiri mbwa aive."

"Vua koti la mume wangu ndipo unitukane."

Koti lenyewe alikuwa amelivaa. La sufu nzito, rangi ya majivu, kola imechakaa. Kipupwe cha Iringa hakina mzaha, na koti la Lukelo lilikuwa linasifika mtaa mzima. Mwenyewe hakuwahi kumwazima mtu, hata mdogo wake wa tumbo moja. Siku alipokufa, Meinradi, kama Mngoni mtani wa Wahehe, alilichomoa kwenye msumari wake, akalivaa, akaingia nalo msibani. Ndiyo haki ya mtani. Unavaa nguo za marehemu, unatembea kama yeye, unakohoa kama yeye, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Halafu nguo unakaa nazo mpaka wenyewe wazikomboe.

"Jogoo mmoja na kibuyu cha ulanzi," Meinradi alisema. "Bila hivyo nitazikwa nalo."

"Mwache alivae, Konso," Lukelo akasema, akicheka. "Limempendeza. Leo ndiyo mara ya kwanza naona Mngoni anafanana na mtu."

Bi Konsolata akacheka tena. Meinradi akanywa chai yake yote kwa mkupuo, ikamuunguza ulimi, akashukuru imemuunguza.

*

Kituoni aliingia chumba cha kusikilizia, akafunga mlango, akavaa vipokea sauti, akaanza kumsikiliza marehemu tangu mwanzo.

Kazi yao ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni mwili. Unachukua chembe chache ndani ya shavu la mgonjwa akiwa bado hai, unaziotesha gizani kwenye unyevu kama uyoga, na miezi michache baadaye una mzee mzima mwenye kovu lake na kipara chake, amelala kwenye tangi, hajui lolote. Sehemu ya pili ni neno. Mgonjwa anashonewa kwenye nguo yake kifungo kimoja ambacho si kifungo. Hicho kinakusanya anavyoongea, anavyopumua, anavyoinuka kwenye kiti, anavyokasirika. Kila kilichokusanywa kinaitwa neno. Neno linamiminwa ndani ya mwili, mwili unafumbua macho.

Bila shaka kifungo hakiwezi kukusanya maisha yote ya mtu. Mapengo yanabaki, na mtambo unayajaza wenyewe kwa kufuata tabia ya mhusika. Ukiuliza jambo ambalo kifungo hakikulisikia, utajibiwa kama ambavyo mtu yule angejibu. Kwa hiyo tabia ndiyo kila kitu. Ikiingia tone moja la mtu mwingine, linasambaa kama wino kwenye maji ya kunywa.

Ndiyo maana kifungo kilipewa akili ya kuitambua sauti ya mwenyewe na kuzihesabu sauti nyingine zote kuwa kelele tu za nyuma. Wataalamu waliokitengeneza walikuwa wamefikiria wezi, wapelelezi, warithi wenye tamaa. Hakuna aliyefikiria watani.

Meinradi alisikia pumzi ya mwisho ya Lukelo. Akasikia kimya. Halafu akasikia koti linachomolewa msumarini, na sauti ya Lukelo inakohoa, inasema, "Haya, nani kaniletea wageni wote hawa bila kuniuliza?" na umati unaangua kicheko na kilio kwa pamoja.

Hiyo ilikuwa sauti yake yeye Meinradi. Kifungo kilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa mwilini mwake, na alimwiga rafiki yake vizuri kiasi kwamba mtambo ulimwamini. Mchana kutwa wa msiba ulikuwa umeingia humo. Zile sifa za chai. Ile hotuba ya kumwomba mke msamaha. Pale alipopiga magoti mbele ya Bi Konsolata akamwambia, "Konso, nilikuwa nanyamaza kwa sababu kila nikikuangalia maneno yalikuwa yananitoroka," mama wa watu akalia mpaka wakamshika.

Na aliyepaswa kukata mkia ule kabla ya kumimina ni nani? Fundi wa neno. Yaani yeye. Alirudi kazini baada ya matanga akiwa na huzuni na mafua, akakitumbukiza kifungo mtamboni kama kilivyo.

Akavua vipokea sauti, akaenda kwa mkuu wa kituo.

Mkuu alikuwa Mama Tulinagwe, Mnyakyusa mwenye miwani mikubwa na moyo mkubwa zaidi. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Bibi mwenyewe anaonaje?"

"Anacheka, bosi. Kanenepa."

"Basi piga muhuri, Meinradi."

Muhuri ulikuwa ni kulifungia neno ndani ya mwili lisitoke tena. Kabla ya muhuri, neno lenye kasoro linaweza kufutwa na kumiminwa upya. Ila kufuta kunauchosha mwili. Mwili wa kituo haudumu kama wa kuzaliwa. Huu wa Lukelo, ukiachwa salama, ungefika mpaka mahindi mabichi ya mwaka unaofuata. Ukifutwa, labda uone mvua za kwanza. Na sheria ilimruhusu kila marehemu mwili mmoja, basi.

"Lakini si yeye, bosi."

"Theluthi mbili ni yeye."

"Theluthi mbili za mtu ni nani?"

Mama Tulinagwe akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. "Wewe ulisoma seminari. Nikumbushe lile darasa ulilowapa wazee wa parokia, walipokuja kugomea jina letu."

Meinradi akatabasamu kidogo. Seminari alisoma kweli, mpaka siku gombera, yaani mkuu wa seminari, aliposimama nyuma yake na kumkuta anamwiga gombera. Kilatini alikuwa ameshakipata. Kituo kilipofunguliwa, wakubwa walitaka kukiita cha Ufufuo. Maaskofu wakakataa katakata, ufufuo una mwenyewe. Ndipo likaja hili la Umwilisho, na wazee wa parokia wakaja juu: hilo ni fumbo la Krismasi, mnalipeleka wapi? Meinradi akatumwa kuwatuliza.

"Niliwaambia neno limesafiri," alisema. "Walatini walikuwa na *karo*, maana yake nyama. Nyama hii hii ya buchani, yenye mafuta. Wakaunda *inkarnatio*, yaani kutiwa nyamani. Na hawakulitoa kichwani mwao, waliwafuata Wagiriki, nao walisema nyama vile vile. Lilipofika kwetu, wazee waliotafsiri wakaona aibu. Nyama ni ya mchuzi! Wakaweka mwili, lina heshima zaidi. Mbele ya safari wasomi wakapata umwilisho."

"Na wale wazee wakasemaje?"

"Mmoja aliniuliza kwa nini Walatini hawakuona aibu. Nikamwambia nadhani walitaka tusisahau kwamba Yesu aliona njaa, alitoka jasho, mguu ulimuuma. Sauti ya Mungu ilikuwa inasikika tangu zamani, mawinguni, vichakani. Habari mpya ilikuwa nyama."

"Haya. Sasa sisi tumempa nyama ya mumewe na maneno aliyokuwa na kiu nayo. Bibi wa watu kanywa. Unataka ukamwage?"

Ukweli ni kwamba Meinradi hakutaka kumwaga. Maana na yeye alikuwa anafaidi. Rafiki yake wa miaka mingi, ambaye utani wake wote ulikuwa kuguna na kutikisa kichwa, sasa alikuwa anamrudishia mipira. Jumapili iliyopita walitaniana mpaka mbavu zikauma. Kumbe muda wote ule alikuwa anacheka na nafsi yake, kama mwendawazimu mbele ya kioo.

*

Alimkuta Bi Konsolata uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Lukelo alikuwa upande wa pili wa ua, anamchekesha jirani juu ya ukuta.

Meinradi alikaa chini, si kwenye kigoda. Alimweleza yote. Hakupamba. Alipofika kwenye yale maneno ya kupiga magoti, sauti ilimpungua.

Bi Konsolata aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa lingine. Kisha akatupa maharage mazima, hakuona.

"Kwa hiyo hii miezi," alisema, "ni wewe ndiye uliyekuwa unanisifia chai."

"Ni mimi, shemeji. Bila kujua."

"Na ile ya maneno kumtoroka."

"Na ile."

"Shenzi wewe, Mngoni." Hakusema kwa utani. "Mimi usiku naamka namwangalia amelala, nasema asante Mungu, nimesubiri ujana wangu wote kuyasikia haya. Kumbe namshukuru Mungu kwa ajili ya mdomo wako!"

Meinradi akainamisha kichwa. Alikuwa tayari apigwe hata na ungo.

"Uliyatoa wapi?" mama akauliza, sasa taratibu kidogo. "Yale maneno. Siku ya msiba nilidhani umeyasikia kwake. Alikuambia?"

"Hakuniambia. Mtani kazi yake ni kuangalia, shemeji. Nilikuwa naona ukiingia anavyoacha kutafuna. Nikasema, huyu ana kitu, hakitoki. Siku ile nikakitoa mimi. Nilidhani naaga tu."

Bi Konsolata akaweka ungo chini. Akaita, "Lukelo! Hebu njoo."

Akaja, anatabasamu, vumbi la ukuta kiwikoni. "Naam, malkia wa Kihesa. Huyu mkimbizi kakukosea nini?"

"Nikuulize jambo. Siku tuliyomzika Agnesi wetu, tulipotoka makaburini, ulinifanyia nini?"

Tabasamu likatulia, likawa la upole. Alipiga goti mbele yake, akamshika mikono. "Nilikukumbatia, Konso. Nikakuambia, mtoto alikuwa ua, tumelinusa pamoja, harufu yake itabaki ndani ya nyumba hii. Tukalia mpaka kukapambazuka."

Yalikuwa maneno mazuri. Meinradi mwenyewe aliyasikia yakimgusa, akajichukia. Lile lilikuwa pengo. Kifungo hakikuwapo siku ile, na mtambo ulikuwa umelijaza kwa tabia uliyopewa.

Bi Konsolata akamshika mumewe shavu. Alilishika muda mrefu.

"Hukusema kitu," alimwambia. "Ulivua shati la msibani, ukachukua shoka, ukapasua kuni mpaka giza. Mvua ilikuwa inanyesha, ndugu wanakuita ndani, huitiki. Ulizipanga mlangoni mwa jiko langu, zikafika dirishani. Masika nzima sikuokota ukuni. Na kila nilipowasha moto nilikuwa nasikia unavyolia."

Lukelo akamwangalia yeye, akamwangalia Meinradi. Hakuwa mjinga. Alijua yeye ni nini na amerudi kwa njia gani.

"Nimechanganywa," alisema.

"Umechanganywa, mtani," Meinradi akajibu. "Kosa ni langu."

"Nikifutwa, hizi za kuchekesha zinakwenda wapi?"

"Zinarudi kwa mwenyewe. Ninazo. Hazipotei."

Akafikiri. Uso ule ulikuwa haujawahi kufikiri hadharani namna ile. "Na yule mwingine, mkali wa kuni, atakaa muda gani?"

"Mpaka mvua za kwanza. Ukibaki wewe, ni mpaka mahindi mabichi."

"Mimi naongea sana," Lukelo akasema, akimgeukia mkewe. "Labda na mahindi nitayapenda. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba, Konso. Sema."

Bi Konsolata alilia sasa, bila kujificha kwenye kanga. "Wewe ni mtu mzuri," alimwambia. "Umenichekesha vizuri sana. Ningekuwa sikuolewa, ningekukubali. Ila mimi niliolewa na yule."

Lukelo akainuka, akajipangusa magoti. Akamkonyeza Meinradi. "Umesikia, Mngoni? Tumekataliwa wote wawili."

Hata kwenye kilio, wote watatu walicheka.

*

Lukelo aliporudishwa kutoka kituoni, keshafutwa na kumiminwa upya, hakuongea. Aliteremka kwenye gari, akaiangalia nyumba, akaangalia paa lilivyopauka, akaingia. Bi Konsolata alimpa chai. Akanywa. Akaacha kikombe wima.

Siku hiyo nzima hakutoa neno, wala kesho yake. Meinradi alikwenda kwa fundi viatu wa jirani yao, akijifanya ana kiatu kibovu ili achungulie ua wao, akarudi nyumbani hajala. Alijiona kama mtu aliyevunja redio ya mjane. Mama Tulinagwe hakumlaumu, alimuuliza tu kila asubuhi, "Kasema?" Naye alikuwa anatikisa kichwa.

Mwisho wa wiki akashindwa kuvumilia. Baridi ilikuwa kali, ukungu umelala mpaka barazani. Akavaa koti, akaenda kuomba radhi rasmi. Moyoni alikuwa ameshapanga cha kusema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha ndani yake.

Alimkuta Bi Konsolata amekaa mlangoni mwa jiko, kwenye kigoda kilichosogezwa pale pale moto unapofika bila moshi kufika.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso umetulia. "Unaona hiki kigoda? Mimi sikukiweka. Nimetoka kuteka maji, nakuta kigoda kipo hapa. Alikuwa anakiweka hapa kila kipupwe, nami nikadhani nakiweka mwenyewe kwa mazoea. Miezi yote yule mchekeshaji hakukiweka hata mara moja. Nami sikujua ninachokosa, nilikuwa nasikia mgongo tu unaniuma."

Halafu akamwonyesha kwa kidevu. Juu ya meza ya jikoni kulikuwa na kikombe, kimegeuzwa juu chini.

"Tangu jana," alisema. "Nimeongeza sukari."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio, ko, ukatulia, ko. Akazunguka ukuta.

Lukelo alikuwa amevua shati kwenye ukungu ule, mgongo unafuka mvuke, anapasua kuni. Alikuwa anahema kwa nguvu, maana mwili ulikuwa umechoka kabla ya wakati wake, na kila baada ya pigo alikuwa anaegemea mpini. Kando yake kuni zilikuwa zimepangwa kuelekea jikoni, safi, ncha kwa ncha, zimeshapita kiuno cha mtu. Zilikuwa nyingi kuliko kipupwe kilichobaki. Zilikuwa za masika. Za wakati ambao yeye hatakuwapo.

Meinradi akasimama. Yale aliyoyapanga yalimtoroka yote.

Lukelo akainua kichwa. Akamwangalia usoni. Akashusha macho mpaka kwenye kola iliyochakaa, akaja kwenye mikono, akafika kwenye pindo. Akaweka shoka chini. Paji la uso likakunjana kwa ile hasira ya polepole ambayo mtaa mzima ulikuwa unaijua, na ambayo Meinradi, kwa ustadi wake wote wa kuigiza, hakuwahi kuipata sawasawa.

"Mngoni," alisema. Sauti ilikuwa na kutu. "Vua koti langu."

Jikoni Bi Konsolata alipiga kigelegele kimoja, kikakatikia njiani kikawa kilio.

Meinradi alianza kuvua. Kifungo kimoja kinakataa, kingine kinakubali. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka ndevuni na baridi inamngoja nje ya sufu.

"Na jogoo wangu?" akauliza.

Lukelo alilipokea koti, akalikung'uta vumbi la Kingoni, akalipeleka jikoni, akamfunika nalo mkewe mabegani. Kisha akarudi kwenye kuni zake.